Zana Ikikujibu "Hakuna": Namna ya Kujaribu Kitafutio Kipya cha Msimbo

(Mhadhara kwa wanafunzi na watengenezaji wa programu, Arusha)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za asubuhi. Nawashukuru wote, hasa mliodamka alfajiri mkapanda gari kutoka Moshi.

Nitazungumzia jambo linalotutokea sote. Mwenzako amekuambia kuna zana mpya ya kutafuta maneno ndani ya msimbo, ina kasi ya ajabu, achana na hiyo uliyozoea. Umeipakua, umeiweka. Utajuaje kama ni ya kuaminiwa? Wengi hukimbilia kupima kasi. Kasi nitaifikia, lakini kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: zana hiyo ikikujibu "hakuna", imetafuta wapi?

Neno likipatikana unaliona mwenyewe, faili hili, mstari huu. Lisipopatikana huna cha kutazama. Na kazi zetu nzito karibu zote zinategemea jibu la "hakuna". Tunafuta fanksheni, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake, kwa sababu haiitwi popote. Tunabadilisha kiwango cha kodi tukiamini tumemaliza sehemu zote. Tunamhakikishia mteja kwamba nywila yake haikuachwa wazi ndani ya mfumo. Jibu hilo likiwa na tundu, tundu linahamia kwa mteja.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1973, katika maabara za Bell kule Marekani, Ken Thompson aliandika grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya faili. Brian Kernighan, aliyekuwapo, amesimulia ilivyokuwa: mwenzao Lee McMahon alitaka kuchunguza ni nani aliandika zipi kati ya makala 85 za kutetea Katiba ya Marekani, za miaka ya 1787 na 1788. Makala zile hazikuweza kuingia zote kwenye kihariri cha ed, kwa sababu kompyuta ya wakati ule ilikuwa na kumbukumbu finyu mno. Thompson akaichomoa sehemu ya kutafuta iliyokuwa ndani ya kihariri, akaifanya programu inayojitegemea, inayopitia faili mstari kwa mstari bila kulibeba zima. Angalieni: grep ya mwanzo ilisoma kile ulichoipa. Ukiipa faili, inasoma faili hilo. Hapakuwa na swali la "imetafuta wapi".

Swali hilo lilikuja miradi yetu ilipokuwa mikubwa. Leo mradi wa kawaida wa tovuti una folda moja tu ya maktaba za nje yenye maelfu ya faili ambazo hukuziandika wewe. Ndipo zikaja zana zinazojichagulia cha kuruka. Andy Lester alitoa ack mwaka 2005, Geoff Greer akaja na ag, na mwaka 2016 Andrew Gallant akatoa ripgrep, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo amri yake ni herufi mbili tu, rg. Hiyo ndiyo nitakayoitumia leo. Na mnaotumia VS Code, kile kihariri cha msimbo, mnayo tayari bila kujua: tangu mwaka 2017 utafutaji wake unaendeshwa na ripgrep.

Sasa tazameni hapa kwenye ukuta. Huu ni mfumo wa mfano wa duka la vifaa vya ujenzi. Nataka kubadilisha kodi ya ongezeko la thamani. Kodi hii ilipoanza nchini mwaka 1998 ilikuwa asilimia 20, mwaka 2009 ikashushwa hadi 18, kwa hiyo tusijidanganye kwamba kiwango hakibadiliki. Niandike nini? Nikitafuta 18 peke yake nitaletewa tarehe, namba za simu na vipimo vya nondo. Tena ndani ya msimbo kodi hii ina sura nyingi. Anayeongeza kodi juu ya bei huzidisha kwa 1.18. Anayetaka kodi yenyewe huzidisha kwa 0.18. Anayeitoa kodi kwenye bei ambayo tayari inayo huzidisha kwa 18 akagawanya kwa 118. Bidhaa ya shilingi 23,600 ina kodi ya 3,600 ndani yake. Basi naandika ruwaza hii, yaani maelezo ya sura ya maandishi ninayoyatafuta, ambamo alama ya | ni "au":

rg '\b(0\.18|1\.18|118)\b'

Ile \b ni mpaka wa neno, isije 118 ikanaswa katikati ya namba ya simu. Ule mkwaju wa nyuma, \, ulio kabla ya nukta unaiambia zana kwamba nataka nukta yenyewe, kwa sababu kwenye ruwaza nukta tupu humaanisha herufi yoyote. Majibu hayo yamekuja: faili la risiti, faili la ripoti, faili la ankara. Mtu angerekebisha yote matatu akaenda kunywa chai.

Sasa narudia amri ileile, ila naongeza -uu. Limejitokeza faili la nne, .env, lenye mstari KODI=0.18. Hilo ndilo linalosomwa na seva kila inapowashwa. Ripgrep ililiruka kwa sababu mbili. Jina lake linaanza na nukta, na zana hii huyahesabu mafaili ya namna hiyo kuwa yamefichwa. Pili, limeorodheshwa kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, haivihifadhi. Ndiyo maana -u moja isingetosha: ya kwanza inaondoa katazo la .gitignore, ya pili inafungulia yaliyofichwa. Na sikilizeni hapa, wanaotumia VS Code. Injini ni ileile, lakini kihariri hicho huiagiza isome yaliyofichwa huku ikiendelea kutii .gitignore. Faili ambalo limefichwa tu, VS Code italiona na rg ya kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, haitaliona. Hili letu la .env zote mbili zitalipita, mpaka ubonyeze kile kitufe kidogo cha pembeni ya kisanduku cha faili za kuachwa.

Silaumu zana. Kuruka huko ndiko kunakotufaa siku zote nyingine. Ninachotaka ni kila mmoja wenu ajue mipaka yake kabla ya kuiamini, na njia ninayoipenda ni ya kupanda neno. Tengeneza folda tupu, endesha git init ndani yake ili iwe folda ya Git, maana ripgrep hulifuata .gitignore pale tu folda inapokuwa ya Git. Chagua neno lisilokuwemo. Mimi hutumia parachichi. Liandike kwenye faili la kawaida, halafu kwenye faili linaloanza na nukta, halafu kwenye faili uliloliorodhesha ndani ya .gitignore. Liweke kwenye faili lililobanwa kwa gzip. Lihifadhi jingine kwa Notepad ya Windows ukichagua UTF-16, namna nyingine ya kuhifadhi herufi ndani ya faili. Unganisha folda ya nje kwa kiungo (symlink), nayo iwe na neno hilo. Faili moja liandike kwa herufi kubwa mwanzoni, Parachichi. Kisha tafuta.

Ripgrep itakuletea la kawaida na lile la UTF-16, kwa sababu husoma alama iliyo mwanzoni mwa faili ikatambua uandishi wake. Mengine yote itayapita kimya. Sasa endesha grep -r ya GNU, ile ya kwenye Linux, kwenye folda hiyohiyo; -r inaiambia ipitie folda nzima. Inaleta lililofichwa na lililokatazwa na Git, lakini lile la UTF-16 inalikosa, kwa sababu kati ya kila herufi mbili za neno lako kuna baiti tupu. Zote mbili zinapita lililobanwa, kiungo na herufi kubwa. Kwa hiyo hakuna iliyo kamili kuliko nyenzake. Kila moja inaona kitu ambacho nyingine haikioni. Baada ya hapo swichi za ripgrep zinaeleweka zenyewe: -i kwa herufi kubwa na ndogo, -z kwa vilivyobanwa, -L kwa viungo. Na ukiwa na shaka kwenye mradi halisi, rg --files itakuorodheshea kila faili ambalo ingelisoma, bila kutafuta chochote. Mimi naona hiyo ndiyo amri yenye thamani kubwa kuliko zote kwenye zana hii, na ndiyo inayotumika kidogo kuliko zote.

Kuna jaribio jingine linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili, ambalo sijaona mwongozo wowote ukilitaja. Jaribu ng'ombe. Tuseme una mfumo wa kusajili mauzo ya mnadani. Aliyeandika kwenye kihariri cha msimbo ametumia king'ong'o, ile alama ya ' kwenye ng', kilichonyooka. Aliyenakili maelezo kutoka Word ameleta kilichopinda. Kwa jicho ni neno moja, kwa kompyuta ni mawili. Tafuta hivi:

rg "ng['’]ombe"

Mabano ya mraba yanasema chochote kati ya hivi viwili. Nimetumia alama mbili za nukuu kwa makusudi, kwa sababu ukiizungushia nukuu moja, king'ong'o kitaifunga kabla ya wakati na terminali itabaki inakusubiri. Na zaidi ya hilo, mifumo yetu huchanganya lugha: huku mteja, kule customer, kwingine cust. Zana ya maandishi inatafuta herufi, maana haiijui. Orodha ya majina ya kutafuta inatoka kichwani mwako wewe unayeijua timu yako.

Kasi, sasa. Siri yake ya zamani ni kutosoma kila herufi. Robert Boyer na J Strother Moore walichapisha mwaka 1977 njia inayoanza mwisho wa neno. Unatafuta mteja, herufi tano. Tazama herufi ya tano ya maandishi. Ukikuta k, ambayo haimo kabisa kwenye mteja, ruka herufi tano nzima kwa mkupuo. Grep ya GNU hutumia ukoo wa mbinu hiyo. Ripgrep huchagua herufi inayodhaniwa kuwa adimu ndani ya neno, ikawinda hiyo kwa maagizo ya prosesa yanayokagua baiti nyingi kwa pamoja, na hugawa mafaili kwa viini kadhaa vya prosesa vifanye kazi kwa pamoja. Ila mnapopima, angalieni: mara ya kwanza mafaili yanatoka kwenye diski, mara ya pili yako tayari kwenye RAM. Ukipima grep kwanza na rg baadaye umeionea grep, na kwenye laptop ya diski ya kuzunguka tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya zana zenyewe. Endesha kila moja mara moja bila kuhesabu, ndipo upime.

Dada aliyekaa mbele ameuliza: kwa nini nisimuulize tu msaidizi wa akili unde? Muulize. Lakini wasaidizi kadhaa wa msimbo, chini kwa chini, huendesha grep au ripgrep ndipo wakujibu. Akikuambia fanksheni fulani haitumiki popote, mtake akuonyeshe amri aliyoitumia, uangalie kama iliyaruka mafaili yaliyoorodheshwa kwenye .gitignore. Amri hiyo unaweza kuirudia mwenyewe hapo hapo bila intaneti, bando likiwa limeisha.

Ripgrep ni faili moja la megabaiti chache. Nimeiweka kwenye flashi hii, toleo la Windows na la Linux, pamoja na folda ya parachichi ikiwa imeshapandwa. Anzeni kunakili upande huu wa dirisha, tuendelee na maswali.