Huyo "Mwandishi Tu"

Wale mlionisikiliza mwaka jana mtanivumilia, maana narudi kwa Robert Brasillach, yule mwandishi wa Kifaransa aliyewaunga mkono Wanazi. Kila nikimtaja, haikosi mtu wa kuniambia: "Lakini mwalimu, yule alikuwa mwandishi tu, hakushika bunduki." Haya, leo nataka tuishike hiyo "tu".

Julai 1942, Ufaransa ikiwa imekaliwa na Wajerumani, polisi wa Kifaransa (Wafaransa, nasema, si Wajerumani) walikamata Wayahudi zaidi ya 13,000 Paris na vitongoji vyake kwa siku mbili. Zaidi ya 4,000 walikuwa watoto. Wajerumani walikuwa bado hawajawadai watoto. Ni Laval, mkuu wa serikali ya Kifaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, aliyependekeza nao wapelekwe kwenye kambi za Wanazi. Agosti, Saliège, askofu mkuu wa Toulouse, akatoa waraka usomwe makanisani, akilia kwamba watoto, kina mama na kina baba wanatenganishwa.

Brasillach, mhariri mkuu wa gazeti la Je suis partout, lililowachukia Wayahudi, tangu 1937, akamjibu tarehe 25 Septemba. Mnajua alijibuje? Alimkubalia! Kutenganisha familia hata sisi hatukupendi, anasema, kwa hiyo Wayahudi tuachane nao wote kwa mpigo, wadogo tusiwabakize. Kisha anaongeza kwamba hapo utu na hekima vinakwenda pamoja. Utu! Na hilo neno lake, petits, Mfaransa humwita hivyo mtoto, lakini pia kitoto cha paka. Mtu aliyepita École normale supérieure, chuo cha wasomi bora wa Ufaransa, mhakiki wa fasihi, neno halimponyoki hivi hivi.

Mtasema alilihama gazeti 1943. Alihama, ndiyo, baada ya kugombana na wenzake, akaenda kuandika kwingine.

Kesi nitaipitia mbio. Ilikuwa Januari 19, 1945, siku moja tu. Shtaka lilikuwa kifungu cha 75 cha sheria ya jinai, kushirikiana na adui. Yaani kosa ni kuisaliti Ufaransa, si wale watoto. Hukumu ya kifo iliposomwa mtu akapiga kelele, "Ni aibu!" Brasillach akajibu, "Ni heshima!" Mwandishi Mauriac na wenzake wakamwombea msamaha, de Gaulle, mkuu wa serikali mpya, akakataa, na Februari 6 akapigwa risasi Montrouge. Alikuwa na miaka 35. Mwandishi Camus alitia saini ombi lile kwa sababu alichukia adhabu ya kifo, si kwa kumpenda Brasillach hata kidogo. Beauvoir, mwanafalsafa, alikataa kusaini. Hayo ya Beauvoir waulizeni watu wa falsafa, mimi muda umeniishia.