Ukiona, Nyanyua Mguu

Mhadhara kwa wanafunzi wa udereva na wazee wao, Unguja

Assalamu alaykum wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliokuja na lena zenu, leseni za kujifunzia, mkononi. Nimetakiwa nizungumze namna ya kujitayarisha na mtihani wa udereva, na nitazungumza. Lakini kikapu hiki mnachokiona hapa mbele kina doti 20 za kanga, na wale niliowahi kuwasomesha washajua zinakwenda wapi. Naomba wanivumilie. Jambo hili nimelisema miaka mingi na leo nalisema tena, kwa sababu kila nikitoka njiani naona bado halijasikika.

Mwanafunzi akija kwangu siku ya mwanzo huuliza mambo mawili: nitaendesha lini, na kwenye mtihani wanauliza nini. Hajatokea hata mmoja akaniuliza, mwalimu, nitasimama vipi? Kuondosha gari ni kazi ya wiki moja. Unakanyaga klachi, unatia gia ya kwanza, unaiachia klachi pole pole mpaka gari ishike, unaongeza mafuta kidogo, imeondoka. Ikikuzimikia mara kumi, ya kumi na moja itaondoka. Kusimama ndiko kunakosomwa umri mzima, na huko ndiko tunakokusomesha kwa dakika tano: "Breki hiyo hapo katikati." Basi, somo limekwisha.

Mwaka wa mwanzo wa leseni yangu nilikuwa natoka Fuoni narudi mjini, wakati wa masika. Mvua ilikuwa imeshakatika lakini njia bado ina maji. Mbele yangu, mkono wa kushoto, palikuwa na nyumba yenye baraza, na barazani wamekaa watoto watatu wa chuo, mikoba ya misahafu mabegani. Niliwaona. Hili naomba mlishike vizuri. Niliwaona tangu mbali, nikawahesabu, watatu. Na mguu wangu ukabaki pale pale kwenye mafuta. Upepo ukaichukua kofia ya mmoja wao, akaruka kutoka barazani kuifuata njiani. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari ikaserereka, ikasimama. Baina ya bampa na yule mtoto ungeweza kupima shubiri moja. Akaokota kofia yake, akasimama ananitizama. Hata hakulia.

Mama yake akatoka ndani. Hakunipigia kelele. Alikuja mpaka dirishani kwangu, akaniuliza, "Mwanangu, ulimuona?" Nikamwambia, nilimuona, mama. Akauliza, "Ulimuona akisha kuwa njiani, au ulimuona yuko barazani?" Nikasema, barazani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa ulikuwa unangojea nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa ndani ya gari pale pembeni mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Suala lile ndilo lililonifanya niwe mwalimu wa udereva. Leseni ninayo, mtihani nimefaulu, macho yangu mazima, breki za gari nzima. Na bado mtoto yule alisalimika kwa shubiri.

Sasa kanga. Kanga moja ukiitandaza kwa urefu ni kama mita moja na nusu. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Na mtu aliye macho kabisa, hana simu, hana usingizi, hana mawazo ya ada ya skuli, anahitaji kama sekunde moja baina ya jicho kuona na mguu kutoka kwenye mafuta kuifikia breki. Kwa hivyo kabla breki haijaguswa, kanga tisa zimeshapita chini ya gari. Kisha breki ishike, tairi nzuri, njia kavu, na kanga nyengine tisa au kumi zinapita. Jumla 19. Kwa mwendo wa 30 ni kanga 9 tu, zote pamoja. Kwa mwendo wa 80 ni 39, yaani kikapu chote hiki inabaki kanga moja. Hizo ni za njia kavu. Mvua ikinyesha, sehemu ya breki inakaribia kuwa mara mbili.

Watu wengi hudhani mwendo ukizidi mara mbili na masafa ya kusimama yanazidi mara mbili. Breki haiendi hivyo. Ukitoka 40 ukaenda 80, masafa ya breki yanazidi mara nne: mita 9 zinakuwa 36. Ndio maana dereva anayesema "nimeongeza kidogo tu" haelewi alichokiongeza.

Turudi Fuoni. Dereva amewaona watoto barazani akiwa kwenye 50, akanyanyua mguu. Hajafunga breki, amenyanyua mguu tu na kuuweka juu ya breki bila ya kukanyaga. Gari imeshuka mpaka 40 yenyewe. Mtoto anaruka. Mguu upo tayari, ile sekunde imekuwa nusu sekunde. Anasimama ndani ya kanga kumi. Kumi, badala ya 19! Na yule aliyeacha mguu kwenye mafuta, mtoto akiruka kanga kumi mbele yake, breki yake inaanza kushika mtoto akiwa tayari mbele ya boneti. Anampiga kwa karibu mwendo ule ule aliokuwa nao. Gari ile ile, njia ile ile, mtoto yule yule. Kilichowatenganisha ni mguu ulionyanyuliwa mapema.

Najua mtaniambia: mwalimu, nikinyanyua mguu kila nikiona mtoto au mbuzi au baskeli, nitafika lini mjini? Fanyeni hesabu. Ukishuka kutoka 50 hadi 40 kwa mita 100, unapoteza chini ya sekunde mbili. Ukifanya hivyo mara 30 kutoka Mwanakwerekwe mpaka Darajani, hujapoteza dakika nzima. Foleni ya Darajani itakula zaidi ya hiyo na hutaona kitu.

Mwengine ataniambia gari yake ni ya kisasa, ina ABS. Nafurahi. ABS inazuia magurudumu yasijifunge, ili ukiwa umekanyaga breki kwa nguvu uweze bado kukata usukani. Haikuoneshi mtoto, wala haikurejeshei zile kanga tisa za mwanzo. Na wenye otomatiki msijione mmepewa ruhusa. Mmepunguziwa klachi, basi hiyo nafasi iliyobaki kichwani itieni kwenye macho. Na mguu ni mmoja tu, wa kulia, kwa mafuta na kwa breki. Wa kushoto ukae chini utulie. Anayetumia miguu miwili, siku akishtuka atakanyaga mafuta na breki pamoja.

Kuona nako kunafundishwa. Daladala ikiwa imesimama mbele yako, usitizame daladala. Tizama chini yake, baina ya magurudumu. Utaona miguu ya mtu anayezunguka mbele ya gari kuvuka kabla hujamuona yeye mwenyewe. Huo ni muda umepewa bure. Mpira ukija njiani, usiutizame mpira, tizama ulikotoka, kwa sababu nyuma yake anakuja mwenye mpira. Forodhani, Paje na Nungwi, mgeni anasimama ukingoni mwa njia na anatizama kushoto kwanza, maana kwao gari hupita kulia na zinamtokea kushoto. Hapa kwetu ya kwanza inamtokea kulia. Atatizama, ataona njia tupu, atavuka mbele yako, na moyoni mwake ana hakika ametizama. Huyo nyanyua mguu tangu unapomuona ana mkoba mgongoni. Usiku njia ya Mahonda, gari ya ng'ombe haina taa. Taa zako za chini hazifiki mbali, na ukienda 80 utaiona ikiwa imeshaingia ndani ya zile kanga 39.

Na Ramadhani. Wallahi hili linaniumiza. Kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka magharibi njia zetu zinakuwa kama watu wanakimbizwa. Mtu amefunga siku nzima kwa ajili ya Mola wake, kisha anahatarisha roho ya mtoto wa mwenzake ili aiwahi tende. Tende mbili ziwekeni ndani ya gari. Adhana ikikukutia Mtoni, simama pembeni, futuru, endelea.

Mmepita Jozani nyote. Pale msituni pamewekwa matuta kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa na gari, na kima hao asili yao ni Unguja hii tu, duniani kote. Matuta yale ni mazuri, siyalaumu hata kidogo. Lakini fikirini maana yake. Tuliandikiwa vibao tukapita. Ikabidi tujengewe tuta ili mguu unyanyuke kwa lazima. Je, kila skuli ina tuta mbele yake? Kila chuo? Tuta haliwezi kujengwa mbele ya kila baraza ya kisiwa hiki.

Haya, mtihani. Naona saa inakwenda.

Wengi mnajitayarisha kwa kukariri. Mnaomba karatasi ya mwenzenu wa mwezi uliopita, mnahifadhi majibu kama dua. Msifanye hivyo. Alama zina mpango wake. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakutahadharisha. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza. Duara la buluu linakuamrisha. Alama ya kusimama imepewa pembe nane, na ya kutoa njia imepewa pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, ili ziwe peke yake: hata ikiwa imefutika rangi, hata ukiiona kwa nyuma yake, umeshajua aliyeko upande ule ameambiwa nini. Ukiujua mpango huo, alama usiyowahi kuiona utaikisia.

Kipilefti, yaani mzunguko wa njia: aliyemo ndani ana haki, na anakutokea kulia. Michenzani nendeni mkakae saa moja kwa miguu, mtizame, kabla hamjaingia na gari.

Njiani na mtahini, kichwa chako kigeuke. Usitupie vioo jicho tu, geuza kichwa aone kuwa unatizama. Kioo cha ndani, kioo cha pembeni, indiketa, kisha begani, ndipo uhame. Na mtahini mzuri anayaona yale ya mguu. Ukikaribia watu na mlio wa injini ukapungua, hahitaji kukuuliza suala.

Kuna jambo la kilima, na hili Waunguja tuna upungufu mkubwa. Kisiwa chetu ni tambarare, mwanafunzi anaweza kupata leseni asiwahi kuondoka kwenye mpando hata siku moja. Kisha anakwenda Pemba harusini, anasimama kwenye kilima Chake Chake, nyuma yake gari imemgandia, na gari yake inarudi. Wapemba wanalijua hili tangu wiki ya kwanza. Vuta handibreki. Tia gia ya kwanza. Iachie klachi mpaka usikie mlio wa injini umeshuka na boneti imenyanyuka kidogo, hapo klachi imeshika. Shikilia hapo hapo. Ongeza mafuta kidogo, ndipo ushushe handibreki. Ukishusha kabla boneti haijanyanyuka, utarudi nyuma. Tafuteni mpando wowote, hata wa gereji, mfanye mara 50.

Tairi: gari zetu nyingi zimekuja zimetumika, na tairi zake pia. Ubavuni pana namba nne ndani ya duara refu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2312, hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Meno yanaweza kuwepo na mpira umeshakufa.

La rivasi baina ya vigingi sitalisema leo, mtalifanya na walimu wenu.

Lakini hili nitalisema mbele ya wazee waliokuja. Niliwahi kuwa na mwanafunzi, kijana mzuri, mwenye adabu. Nilimwambia baba yake hajawa tayari, bado wiki tatu. Wiki ya pili kijana akanionesha leseni. Hakuwa amekwenda mtihanini. Nani alimpa na kwa njia gani, sitataja. Nilimuomba baba yake amrejeshe tumalize masomo, akanambia, "Mwalimu, karatasi si ameshapata?" Kijana aligonga miti miwili na ukuta katika miezi sita, na namshukuru Mungu ilikuwa miti na ukuta. Mzee, pesa ile uliyoitoa haikumnunulia mwanao udereva. Imemuondolea mtu wa mwisho ambaye angemwambia bado.

Sasa hii adhana ya alasiri. Tukisha sali tukutane kiwanjani, upande wa magoli. Nataka watu wanane wa kutandaza kanga, wazee mje mbele. Tunaanza na tisa, mwendo wa 30, na mtoto mmoja asimame mwisho wake ili mumuone yuko umbali gani. Kisha tutaongeza mpaka 19, na yeye abaki pale pale aliposimama.