Mkia na Pete: Umbo la Peptidi na Homoni za Kongosho

Hamjambo wanafunzi, na karibuni kampasi ya Chiromo, wenzetu wa kampasi ya Kabete.

Tuanze na bombesini, peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) ya asidi amino 14 iliyopatikana katika ngozi ya chura wa Ulaya. Ukimtilia mbwa bombesini mshipani, gastrini, homoni inayochochea asidi ya tumbo, hupanda katika damu yake. Nguvu hiyo imo mkiani: asidi amino 7 za mwisho ndizo zilezile za GRP, peptidi ya tumboni mwa mamalia. Ya mwisho kabisa ni methionini, nayo imefunikwa kwa amidi. Sasa angalieni: iondoe methionini hiyo moja, urekebishe kidogo ncha inayobaki, na peptidi itakishika kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe wake, bila kukiamsha. Imekuwa kizuizi! Wala haihitaji mkemia kuiharibu. Chupa ya bombesini ikifunguliwa kila siku, methionini hushika oksijeni na nguvu hupungua.

Somatostatini, homoni mojawapo ya kongosho, yenyewe huzuia: insulini, glukagoni (homoni inayopandisha sukari ya damu), gastrini. Ina asidi amino 14; sisteini ya 3 na ya 14 zimeungana kwa salfa, mnyororo ukawa pete, na triptofani ya 8 na lisini ya 9 zikatokeza pamoja kukielekea kipokezi. Vimeng'enya huimaliza kwa dakika chache tu. Oktreotidi, dawa iliyotengenezwa kwa mfano wa somatostatini, ina asidi amino 8, na triptofani yake ni ya umbo la D, kama taswira kiooni. Nusu yake huondoka damuni kwa kama dakika 90. Lakini pete ikifinywa hivyo haivienei sawasawa vipokezi vyote vitano vya somatostatini, ndiyo maana huzuia glukagoni kwa nguvu kuliko insulini.

Mkilinganisha dozi za hizi mbili, msilinganishe mikrogramu kwa mikrogramu. Molekuli ya somatostatini ina uzito wa 1638, ya oktreotidi 1019. Pigeni hesabu kwa nanomoli, yaani kwa idadi ya molekuli. Na unga wenyewe si peptidi tupu, una maji na chumvi. Someni cheti chake.

Peptidi hung'ang'ania kioo: tumieni mirija ya plastiki ya polipropilini, na protini ya albumini asilimia 0.1 ndani ya maji ya chumvi. Damu iingie kwenye mrija wa EDTA (kizuia damu kuganda) uliolala barafuni, wenye aprotinini, kizuizi cha vimeng'enya, uniti 500 kwa kila mililita. Izungushwe kwa nyuzi 4, plazima igandishwe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Kwa glukagoni, hakuna njia ya mkato hapo.

Kisha saa. Ukifunga dripu ya somatostatini, insulini huruka kupita kiwango cha mwanzo, kama maji yaliyofunguliwa bwawani. Mtu aliyechota damu wakati huo tu, bila sampuli za kabla ya dripu na za katikati yake, ataandika kwamba somatostatini huchochea insulini.