Tengeneza Ryan Fireball kwa Boksi: Propela Mbele, Jeti Nyuma

Habari zenu, karibuni tena mezani. Leo tunatengeneza ndege ambayo ukiitazama kwa mbele utaapa ni ya propela, ukizunguka nyuma unakuta tundu la jeti. Ni Ryan FR-1 Fireball ya Jeshi la Majini la Marekani, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 25 Juni 1944. Siku hiyo jeti yenyewe ilikuwa bado haijafungwa!

Andaa boksi gumu, karatasi ya manila, kiwembe, gundi ya mbao, vijiti vya mishikaki, mirija, kopo la nyanya lenye upana wa sentimita 7 hivi, na kipande cha bomba la nusu inchi.

Vipimo tunagawa kwa 20. Mabawa ya mita 12.2 yanakuwa sentimita 61, urefu wa mita 9.9 unakuwa 49.5.

Kata duara za boksi, ya mbele sentimita 7, zikipungua taratibu kuelekea mkiani. Zipange kwenye kijiti, kisha zungushia manila. Ilowe kidogo kwa kitambaa kibichi kwanza, la sivyo itajikunja vibaya na kuacha makunyanzi. Mwisho kabisa wa mkia gundisha lile bomba. Hapo ndipo moto wa jeti ulipotokea.

Sasa pua, na hapa tusiharakishe. Paka kopo rangi nyeusi kwa ndani. Injini ya Wright Cyclone ina silinda 9 zilizopangwa kwa duara, kwa hiyo kata vipande 9 vya mrija, kila kimoja nyuzi 40 kutoka kwa mwenzake. Mimi mara ya kwanza nilikadiria kwa macho, nikabaki na pengo la kipande kizima. Tumia kipimapembe. Mbele yake weka propela ya panga tatu.

Kwa nini injini mbili? Jeti za wakati ule zilikunywa mafuta kupita kiasi, na rubani akisukuma mkono wa gesi zilichelewa kuitikia. Ukiwa unatua kwenye manowari ya kubeba ndege, kuchelewa huko ni hatari. Basi injini ya pistoni, ile inayozungusha propela, ikabaki kwa safari na kutua, jeti ikawashwa kwa kuruka, kupanda na kupigana. Zote mbili zilitumia petroli ileile, kwa hiyo hapakuwa na haja ya matangi ya aina mbili.

Haya, mabawa. Pale bawa linapoungana na kiwiliwili, kwenye ukingo wa mbele, toboa mdomo mrefu mwembamba, kulia na kushoto. Jeti ilivutia hewa hapo. Watu wengi huusahau, wakaishia na ndege ya propela ya kawaida.

Kabla ya kufunga pua, jaza mchanga kwenye kopo, nyuma ya zile silinda. Fireball ina tairi la mbele na mawili chini ya mabawa. Bila uzito itakaa kitako mezani kama mtoto anayejifunza kutembea. Paka buluu ya bahari iliyokolea, yenye kung'aa.

Ukitaka kuiweka kwenye onyesho, chukua ubao uwe sitaha, nyosha nyuzi kadhaa kukatiza upana wake ziwe kamba za kuinasa ndege inapotua, na mwishoni simamisha kizuizi cha wavu. Tarehe 6 Novemba 1945, rubani Jake West alikuwa anaikaribia manowari ya USS Wake Island, injini ya pistoni ikamzimikia. Akawasha jeti, akatua nayo. Ilikuwa mara ya kwanza ndege kutua kwenye manowari kwa nguvu ya jeti, tena bila kupangwa. Kwa hiyo, kama ilivyokuwa siku ile, ndoano ya mkiani ifunge kwenye uzi wa mwisho kabisa, na pua iguse wavu.