Pumzi ya Msanii Iko Mkononi mwa Mzamiaji

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nashukuru sana kwa kuniita, maana si kawaida wanafunzi wa sanaa za jukwaani kumwalika mpiga mbizi. Hapa Dar ukijiita mzamiaji, wengi wanamwaza kijana aliyejificha kwenye meli pale bandarini ili akatokee ughaibuni. Mimi ni yule wa kushuka majini na mtungi wa hewa mgongoni. Nilianza kwa kukwangua matumbo ya meli hapahapa, kisha nikapata kazi nchi moja ya Ghuba, miaka miwili chini ya jukwaa la maji.

Jukwaa lenyewe likoje? Lililo maarufu kuliko yote ni la onyesho liitwalo "O", katika hoteli ya Bellagio kule Las Vegas, Marekani. Lilifunguliwa mwaka 1998. Bwawa lake lina maji karibu lita milioni 5.7, na kina chake kinapita mita 7. Sakafu yake imebebwa na lifti, inapanda na kushuka, na imetobolewa matundu ili maji yapite inaposogea. Sasa hivi mtu anatembea juu yake kama anavuka barabara. Punde si punde mwenzake anaruka kutoka darini na kuzama palepale. Mwongozaji wake, Franco Dragone, ndiye aliyeunda pia maonyesho mengine ya maji: Le Rêve, Las Vegas mwaka 2005, The House of Dancing Water kule Macau mwaka 2010, na La Perle ya Dubai mwaka 2017.

Watazamaji wanaona mtu amezama na harudi. Watoto ndio huuliza kwa sauti: "Mama, kaenda wapi?" Amekuja kwetu.

Hebu niwaeleze anavyokuja. Msanii hana miwani ya majini, kwa sababu uso wake ni sehemu ya onyesho. Macho yake yako wazi kwenye maji yenye klorini, anaona ukungu mtupu. Mtungi hana. Mziki unapigwa kwenye spika zilizozamishwa, lakini majini sauti inakwenda kasi mara nne kuliko hewani, kwa hiyo masikio hayawezi kukwambia inatoka upande gani. Unausikia kama uko ndani ya kichwa chako. Hawezi kuufuata umfikishe popote. Anachoweza ni kushuka mahali alipofundishwa na kungoja mkono.

Mkono huo ni wangu. Namshika kifundo cha mkono, namminya mara moja ajue ni mimi. Kwa mkono wa pili namwekea mdomoni kipumulio, kile kifaa kinacholeta hewa ya mtungi, nabonyeza kitufe cha katikati ili hewa isukume maji yaliyoingia, naye anavuta. Kisha namuuliza kwa vidole: salama? Akijibu salama, namwongoza kwenye kituo chake chini ya lifti. Pale anasubiri zamu yake ya kutokea upande mwingine, huku mwenzangu akimbadilishia kamba au kumfunga mkia wa samaki. Kazi yote hiyo gizani, tumevaa nyeusi tupu, tukisikia amri za msimamizi wa jukwaa ndani ya barakoa zetu.

Kuna usiku mmoja sitausahau. Nilimpa dada mmoja kipumulio kikiwa juu chini. Kwa macho ni kosa dogo, lakini tundu la kutolea pumzi linakuwa juu na maji yanaingia humo, kwa hiyo badala ya hewa anavuta hewa na maji. Nilihisi mwili wake wote umekakamaa. Hakunisukuma. Hakukimbilia juu. Alinyoosha kiganja na kukitikisa huku na huku, ishara ya kwamba kuna tatizo, akangoja. Nikakigeuza, nikabonyeza kitufe, akavuta. Ilichukua sekunde tatu, labda nne. Juu yetu watu walikuwa wanapiga makofi.

Kwa nini kutokimbilia juu ni jambo kubwa kiasi hicho? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa mliokulia pwani. Mvuvi wa pweza pale Kunduchi anavuta pumzi juu, anashuka nayo, anarudi nayo ileile. Haiwezi kuzidi ilivyokuwa, kwa hiyo akipanda ameibana hapasuki. Lakini anayevuta hewa ya mtungi akiwa mita 5 chini amevuta hewa iliyobanwa na maji. Akipanda bila kuiachia, hewa hiyo inataka nafasi mara moja na nusu ya ile iliyokuwa nayo chini, na pafu halina pa kuipeleka. Linaweza kuchanika hata kwa kupanda kutoka kina kisichozidi kimo cha mtu. Ndiyo maana hakuna msanii wa maji anayepewa kipumulio kabla hajafundishwa kuzamia kwa mtungi, awe bingwa wa sarakasi au bingwa wa kuogelea. Anajifunza kupanda huku akitoa pumzi taratibu mpaka liwe jambo la mwili, hata akiwa ameshtuka.

Mapovu nayo ni kazi. Kwa mrukaji wa juu ni rafiki: tunapuliza hewa kutoka chini ili uso wa maji uchemke, auone na apime mruko wake, maana maji yaliyotulia chini ya taa hayaonekani yalipoanzia. Lakini mapovu ya mzamiaji yakitokeza katikati ya jukwaa tulivu yanafichua siri yote. Kubana pumzi haturuhusiwi, kwa hiyo tunajipanga mahali ambapo mapovu yatatokea nyuma ya pambo.

Vijana wa Kigamboni na Msasani wana mbizi nzuri kuliko wengi niliofanya nao kazi huko. Walichokosa ni mtu wa kuwafundisha mtungi, ishara, na subira ya yule dada. Nimekuja na kipumulio na mtungi mmoja. Wewe binti wa mbele, njoo. Kaa hapa, fumba macho. Usinyooshe mkono kukitafuta, hata nikichelewa. Mimi ndiye nitakayekileta.