Jibu Lisilofuata Zamu: Mhadhara Kuhusu Kuendesha Hifadhidata Ndani ya Kivinjari

Ndugu wasikilizaji, mafundi wenzangu na wanafunzi, nimeombwa nizungumzie ujenzi wa programu ya kuendeshea hifadhidata inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia kwa jambo moja tu, nalo ni majibu yanayorudi kutoka kwenye seva. Kutuma ombi ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Kinachotutoa jasho ni jibu linalochelewa, linaloruka zamu, au lisilorudi kabisa.

Kwanza umbo lenyewe. Kivinjari hakiuruhusu ukurasa wa wavuti kuzungumza moja kwa moja na programu za hifadhidata kama MySQL kwenye mlango wake wa mtandao wa 3306, wala PostgreSQL kwenye mlango wa 5432. Kwa hiyo ni lazima iwepo seva ya kati, ambayo hupokea ombi la HTTP, yaani ombi la kawaida la wavuti, humtambua mtumiaji, huiuliza hifadhidata, kisha hurudisha matokeo, siku hizi mara nyingi kwa muundo wa JSON, yaani data iliyopangwa kama maandishi. Nenosiri la hifadhidata hukaa kwenye seva hiyo na halishuki kwenye kivinjari hata siku moja, kwa sababu kilichofika kwenye kivinjari kimekwisha kufika mikononi mwa mtumiaji. Kuhusu kuunganisha maneno ya mtumiaji na amri ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, sitasema mengi: tenganisheni amri na thamani zake, na msimwamini mtu yeyote.

Umbo hili si jipya. Tobias Ratschiller alipoanza kazi ya phpMyAdmin, programu ya kuendeshea MySQL ndani ya kivinjari, mwaka 1998, seva ya kati ilikuwapo tayari, ila kila ulipobofya, ukurasa mzima ulipakiwa upya. Mwaka 1999 Microsoft ilitoa Internet Explorer 5 ikiwa na chombo cha kutuma ombi bila kuuondoa ukurasa, chombo kilichotokana na mahitaji ya watengenezaji wa Outlook ya kwenye wavuti, na ambacho baadaye vivinjari vyote vilikuwa nacho kwa jina la XMLHttpRequest. Februari 2005 Jesse James Garrett aliupa mtindo huo jina la Ajax. Leo wengi wetu tunatumia fetch, njia mpya ya kivinjari ya kutuma maombi, pamoja na JSON. XML yenyewe, muundo wa data wa zamani, imekwisha kuhama, jina lake tu ndilo lililobaki mlangoni.

Maombi haya hayasubiriani, na kuna sababu. JavaScript ya ukurasa, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari, hutekelezwa hatua moja baada ya nyingine, na ikisimama kuisubiri hifadhidata kwa sekunde nne, kwa sekunde hizo nne vitufe havibonyezeki na maandishi hayaandikiki. Basi ombi hutumwa, kazi nyingine zinaendelea, na jibu likifika hushughulikiwa. Lakini hakuna aliyeahidi kwamba majibu yatafika kwa mpangilio ule ule wa maombi.

Hili nilijifunza kwa aibu. Niliwahi kulitengenezea duka moja la jumla la dawa kisanduku cha kutafutia ambacho kila herufi iliyoandikwa ilituma ombi. Mhudumu akaandika "am", kisha akamalizia "amox". Ombi la "amox" lilikuwa na mistari michache ya matokeo, likajibiwa upesi, na amoksisilini ikakaa juu ya orodha. Mkono wake ulipokuwa unakwenda kubofya, jibu la "am", lililokuwa zito na lililochelewa, likawasili na kuifuta orodha iliyokuwapo. Mahali pale pale palipokuwa na amoksisilini pakakaa amitriptilini, naye akaibofya. Mwenzake aliligundua kosa wakati wa kufunga mzigo. Kwenye kompyuta yangu, ambako hifadhidata na kivinjari vilikaa ndani ya mashine moja, kosa hilo halikuwahi kutokea hata mara moja.

Dawa yake haina gharama. Kila ombi lipewe namba, programu ikumbuke namba ya ombi la mwisho, na jibu lolote lenye namba ndogo kuliko hiyo litupwe bila kuonyeshwa. Kusubiri kidogo hadi mtumiaji atulize vidole nako kunasaidia, lakini kunapunguza tu maombi; hakupangi majibu. Vilevile mnaweza kulikatisha ombi la zamani kwa AbortController, chombo cha kivinjari cha kukatishia maombi, mradi mfahamu kwamba kinachokoma kwa hakika ni usikilizaji wa kivinjari. Hifadhidata huweza kuendelea kusaga swali lile lile hadi mwisho, isipokuwa seva ya kati iiamuru iache, kwa pg_cancel_backend katika PostgreSQL au KILL QUERY katika MySQL.

Kuhifadhi ni kugumu kuliko kusoma. Ombi la kuingiza mstari mpya likikatikia njiani, kivinjari hakiwezi kujua kama data iliandikwa kabla ya mtandao kukatika au haikuandikwa. Kila aliyewahi kutuma pesa kwa simu mtandao ukiyumba analijua swali hili: imeenda, haijaenda? Mtumiaji hubonyeza tena, na hapo huzaliwa mistari miwili. Kwa hiyo kivinjari kitengeneze ufunguo wa kipekee kwa kila tendo, kiutume pamoja na data, na kiurudie huo huo kinapojaribu tena; jedwali nalo likatae ufunguo uliokwisha kuingia, na seva irudishe matokeo ya mara ya kwanza. Kukizima kitufe baada ya kubofywa ni adabu nzuri, ila si ulinzi.

Liko pia jibu linalofika kwa wakati lakini limeharibika. Namba ya utambulisho 9007199254740993 ni halali kabisa katika safu ya BIGINT, yaani safu ya namba nzima kubwa, ila JavaScript ikiisoma kutoka kwenye JSON kama namba ya kawaida inakuwa 9007199254740992, na mtumiaji akihariri, anaweza kuhariri mstari wa mtu mwingine. Namba kubwa zitumwe kama maandishi.

Sasa nitafungua zana za kivinjari hapa mbele yenu, nipunguze kasi ya mtandao kwa makusudi, kisha nitaandika "am" na "amox" kwenye kisanduku kile cha zamani. Tazameni mstari wa kwanza wa orodha.