Mani planti imegeuka kijani: muuza maua hana kosa

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo mwenzangu kaja na kesi. Nilimwambia ainyamazie kwanza mpaka tuwashe maikrofoni.

ZUBERI: Nimepigwa, da Salma. Nilinunua mani planti kando ya barabara, ile yenye majani kama marumaru, nyeupe na kijani. Muuzaji akasema hii inaitwa Marble Queen, nikaongeza hela kwa ajili ya ule weupe. Sasa njoo uione: kijani tupu, kama mchicha!

SALMA: Umeiweka wapi?

ZUBERI: Juu ya kabati, nyuma ya tivii. Si wanasema hiyo haitaki mwanga?

SALMA: Inavumilia giza, haifi upesi. Lakini kutokufa si kunawiri, mdogo wangu. Ule weupe ni sehemu ya jani isiyo na klorofili, ile rangi ya kijani, kwa hiyo haitengenezi chakula. Chukulia nyumba ya watu kumi, wanaotoka kutafuta ni watano, na kula wanakula wote. Penye mwanga, hao watano wanatosha. Gizani, chipukizi lenye kijani kingi ndilo linalokimbia, lenye weupe linadumaa. Ukija kushtuka, kijani kimetawala.

ZUBERI: Basi nikiisogeza dirishani weupe utarudi?

SALMA: Majani yaliyokwisha kuwa kijani, yasahau. Wewe kagua shina. Fuata kamba ukirudi nyuma mpaka ukute kifundo, pale jani linapoota kwenye shina, ambacho shina lake bado lina mstari mweupe, ukate mbele yake kidogo. Kitakachochipua hapo kina nafasi nzuri ya kuwa na mabaka.

ZUBERI: Kukata? Dada, ile kamba imezunguka sebule nzima! Wageni wanaipiga picha.

SALMA: Na majani ya mwisho yamekuwa madogo kama sarafu, sivyo?

ZUBERI: ...Umejuaje?

SALMA: Huu ni mmea wa kupanda miti. Asili yake ni Mo'orea, kisiwa cha Polinesia ya Kifaransa, huko Pasifiki. Ukiuacha unaning'inia, majani hupungua. Upate mti wa kushika, unayafanya makubwa kama sinia, tena yanachanika. Ukiuona kwenye mnazi unaweza kukataa kuwa ni huohuo wa kwako.

ZUBERI: Na maua yake yakoje? Sijawahi kuyaona.

SALMA: Hutayaona. Mmea huu hautengenezi vya kutosha ile homoni ya kuchochea maua, giberelini. Ndiyo maana unazaliana kwa vipandikizi, mkono kwa mkono. Huyo wako ni kipande cha kipande cha kipande.

ZUBERI: Haya, dirisha. Langu linatazama magharibi, jua la saa kumi linachoma hasa.

SALMA: Hapo weka pazia jepesi, maana sehemu nyeupe ndizo zinazoungua kwanza, zinakuwa kahawia na kukauka. La mashariki ni bora, jua la asubuhi halina ukali. Na usiupangie mahali panapopulizwa na kiyoyozi.

ZUBERI: Maji namwagia kila siku, kikombe kimoja.

SALMA: Yaa Rabi! Kila siku? Hiyo ndiyo inayoua mani planti nyingi, kuliko kiu. Ukiwa na mabaka unakunywa taratibu zaidi, na gizani ndiyo kabisa. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Masika unaweza kukaa wiki mbili bila kumwagilia. Na chungu kiwe na tundu. Sahani ikijaa maji, mwaga.

ZUBERI: Ncha za majani zimekauka pia. Natumia maji ya kisima.

SALMA: Visima vingi vya hapa Dar vina chumvi, na chumvi hujikusanya kwenye udongo. Kinga maji ya mvua. Udongo nao uchanganye na makumbi ya nazi na kokoto ndogo, mizizi ipate hewa.

ZUBERI: Mtoto wa dada yangu huwa anatafuna kila anachokiona.

SALMA: Basi tundika juu. Majani yake yana vijisindano vya kalsiamu oksalati, vinawasha mdomo na koo. Paka pia asiuguse.

ZUBERI: Nikishakata, vile vipande natupa?

SALMA: Utupe mali? Vyenye weupe, hakikisha kila kimoja kina kifundo, tumbukiza kifundo kwenye chupa ya maji. Wiki mbili, tatu, mizizi hiyo. Vya kijani gawia majirani.

ZUBERI: Kijani nitamgawia yule muuzaji, nikamwombe radhi. Nilikwisha mtukana.

SALMA: Nenda na mkasi, akukatie yeye. Wewe utaishia kuipiga picha.